Daftari la kutafuta nyumba ya kupanga yenye nafuu, Mtwara mjini

Nimelianza daftari hili kwa sababu nilipohitaji msaada sikupata mtu aliyeandika njia aliyopitia. Kila niliyemuuliza alikuwa na kipande chake tu: huyu kasikia kuna nyumba za Shirika la Nyumba, yule kasikia za Serikali, mwingine anasema TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, wanalipa. Nitaandika kila hatua ikikamilika, pamoja na pesa iliyotoka, ili mwenye shida kama yangu asianze sifuri.

Kaya yetu tuko sita: mimi (fundi cherehani), mume wangu (bodaboda, na siku meli za korosho zikiwepo anapata kibarua bandarini), watoto wawili wa shule ya msingi, mama mkwe, na wifi yangu ambaye ni muuguzi, ameajiriwa mwaka huu. Tunapanga vyumba vitatu Chikongola.

Jumamosi, 3 Agosti 2024. Barua ya mwenye nyumba

Kodi yetu ni 120,000 kwa mwezi. Leo mwenye nyumba ametuletea barua: kuanzia Januari ni 180,000, na anataka ya mwaka mzima mkononi. Ni 2,160,000. Hajatutukana wala hajatufukuza, ametupa miezi mitano, na kwa hilo namshukuru.

Mama mkwe aliposomewa barua akasema, "Mkamwana, nendeni Baraza la Nyumba, hawaruhusu kupandisha hivi." Nilifuatilia. Alikuwa anakumbuka vizuri, ila wakati umepita: sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005. Siku hizi kodi ni makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji. Kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini hilo linasikiliza migogoro, kama kutolewa kinyume na mkataba. Halikupangii bei. Na mkataba wetu ulikuwa wa mdomo.

Mtwara tumezoea kodi kuruka. Wakati wa ujenzi wa bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam na kiwanda cha saruji cha Dangote, wageni wenye kulipa walikuja wengi, na desturi ya kudai miezi sita au mwaka ikaota mizizi. Wageni wengi waliondoka, desturi ikabaki.

Gharama hadi leo: hakuna.

Jumapili, 11 Agosti. Wiki moja niliyoipoteza kwenye simu

Hapa nilikosea, na naandika kwa kirefu kwa sababu najua wengi wataanzia hapo hapo.

Niliandika kwenye simu "nyumba za bei nafuu, nani anastahili". Nikapata ukurasa mzuri wenye picha, wa Kiswahili na Kiingereza, unaosema jiandikishe, weka akiba, utapangiwa nyumba. Nikakaa usiku mbili nakusanya taarifa zetu. Nilipofika kwenye namba ya kitambulisho ikakataa. Kumbe ni Boma Yangu, mpango wa Kenya, unaoenda pamoja na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 wanayokatwa wafanyakazi wa Kenya. Ni wa Wakenya, na lengo lake ni kumiliki, kupanga ni kitu kingine.

Nikahamia kwenye fomu nyingine inayouliza idadi ya watu, umri, kipato cha mwaka, halafu inakupa majibu ya programu unazostahili. Nikajaza yote, ikataka namba ya posta. Nikaweka ya kwetu, ikasema haipo. Ilikuwa ya Marekani. Huko wana utaratibu unaoitwa Section 8, ulioanza 1974: familia yenye kipato cha chini inapewa hati ya kusaidiwa kodi, inalipa kiasi cha asilimia 30 ya kipato chake, na serikali inamalizia kwa mwenye nyumba. Kuingia, kwa kawaida kipato kisizidi nusu ya kipato cha kati cha eneo lile.

Vitu viwili nilivichukua kutoka kwenye kosa hili. Kwanza, kabla hujajaza chochote tazama ni cha nchi gani: angalia sarafu, angalia aina ya kitambulisho wanachotaka. Pili, ile asilimia 30 nimeiazima iwe kipimo chetu cha nyumbani, japo hapa hakuna anayetufidia kilichobaki.

Gharama: bando 4,000.

Jumatatu, 19 Agosti. Shilingi 30,000 zilizopotea

Mtu mmoja alinipigia. Alikuwa amepata namba yangu kwa dalali niliyemwachia wiki iliyopita. Akasema kuna nyumba za Serikali zinagawiwa kwa wenye kipato cha chini, fomu ni 30,000, nafasi zimebaki tatu. Alijua hata kwamba tuko sita. Nilituma kwa simu. Fomu haikuja, na namba yake haikupatikana tena.

Niliumia sana, ile ilikuwa pesa ya kitambaa cha mteja. Nilimweleza mume wangu jioni hiyo hiyo, na nashauri mtu asifiche jambo kama hili, kwa sababu naye alikuwa ameanza kuzungumza na mtu wa aina hiyo kijiweni.

Tangu siku hiyo tuna kanuni moja. Malipo ya taasisi ya Serikali yanakuwa na kontro namba, yaani namba maalumu ya malipo, na unapoilipia kwa simu au benki jina la taasisi linatokea kabla hujathibitisha. Mtu akikutajia namba yake ya simu na jina lake binafsi, usilipe, hata kama ana kitambulisho shingoni.

Gharama: 30,000.

Jumatano, 28 Agosti. Ofisi ya mtaa, na swali la TASAF

Nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa kuuliza TASAF kwa jina la mama mkwe. Alinikaribisha vizuri na akanieleza kwa subira. Mpango wa kunusuru kaya maskini unatoa ruzuku ya fedha kwa kaya zilizotambuliwa, na wanaotambua kwanza ni wananchi wenyewe kwenye mkutano wa hadhara, kisha kaya inahojiwa kwa dodoso. Haukuundwa kulipa kodi ya nyumba. Kaya ikipata ruzuku inaweza kuitumia kwa kodi kama inavyoitumia kwa unga, lakini hakuna dirisha la nyumba pale.

Kisha akaniuliza swali lililonifungua macho: "Mama anakula chungu kimoja na nyie?" Nikasema ndiyo. "Basi ni kaya moja. Huwezi kumwandika peke yake." Na ndani ya kaya hiyo yumo muuguzi wa Serikali.

Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi, nikaandika majina yetu wanne watu wazima, kila mmoja kwenye mstari wake. Mpaka hapo nilikuwa nauliza "sisi tunastahili nini?" na kila ofisi inanijibu kwa mashaka. Sasa nimeanza kuuliza kila mmoja wetu kwa jina lake anaweza kuomba wapi.

Gharama: bajaji 2,000.

Jumanne, 10 Septemba. Jina langu na la mume wangu: Shirika la Nyumba

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa 1962, na 1990 liliunganishwa na Msajili wa Majumba, ndiyo maana lina nyumba mpya na pia majengo ya zamani katikati ya miji. Si lazima uwe mtumishi wa umma kupanga kwao, na kwa watu wa kazi zetu huu ndio mlango ulio wazi kuliko yote.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kodi inapangwa kwa nyumba, haiangalii kipato cha mpangaji. Nilikwenda nimebeba maelezo marefu ya umaskini wetu, na hayakuhitajika. Wanachotaka kujua ni wewe nani, una kitambulisho, utaweza kulipa kila mwezi bila kukwama. Siku niliyouliza hakukuwa na nyumba wazi ya ukubwa wetu. Na hata ingekuwepo, ningeshindwa kuonyesha uwezo wa kulipa, kwa sababu sikuwa na karatasi hata moja ya kipato. Hilo ndilo nalifanyia kazi sasa.

Gharama: bajaji 3,000, picha pasipoti 5,000.

Jumatatu, 23 Septemba. Jina la wifi: TBA

Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ulianzishwa 2002 chini ya wizara inayosimamia ujenzi, na kazi yake mojawapo kubwa ni nyumba za viongozi na watumishi wa umma. Kwa wifi, sifa ya kwanza anayo: ameajiriwa na halmashauri.

Tulikwama kwenye uthibitisho. Barua ya ajira anayo, lakini cheki namba yake, namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara, haijatoka, kwa hiyo hana salari slipu. Mtumishi mpya asiye kwenye orodha ya mishahara hana namna ya kukatwa kodi, na hilo linaeleweka. Tukarudi.

Kuna pia Watumishi Housing, iliyoanza 2013, nayo inalenga watumishi wa umma. Tuliiangalia, tukaona nyumba zake kwa sehemu kubwa ni za kununua, zikiwemo za mpangaji mnunuzi anayelipa kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yake. Kwa wifi baada ya miaka michache, sawa. Kwa Januari hii, hapana.

Gharama: bajaji 4,000, fotokopi 1,500.

Jumapili, 13 Oktoba. Jinsi ya kuandika kipato kisicho na mshahara

Kazi hii imenichukua wiki mbili, na ndiyo naona ina faida kuliko yote.

Mara ya kwanza niliandika kipato changu 300,000 kwa mwezi, kwa sababu ndicho nilichopata Desemba iliyopita. Desemba na Januari ni miezi ya sare za shule, cherehani haipoi. Februari nilipata 70,000. Kama ningewasilisha ile 300,000 ningepewa nyumba nisiyoiweza, na Machi ningekuwa mdaiwa.

Nikaanza upya. Daftari langu la wateja lina tarehe na bei, nikajumlisha miezi 12 na kugawanya kwa 12: 150,000. Mume wangu hana daftari, lakini wateja wake wengi wanalipa kwa simu, tukaomba taarifa ya miamala ya mwaka, tukaongeza makadirio ya pesa taslimu na kutoa mafuta na matengenezo: 220,000. Mama mkwe ana mikorosho Newala. Malipo yake ya korosho yanapita benki kupitia chama cha msingi, kwa hiyo ushahidi upo. Ukitoa palizi na dawa ya kupulizia, inabaki kama 900,000 kwa mwaka, sawa na 75,000 kwa mwezi, ingawa pesa yenyewe inaingia msimu wa minada peke yake, kuanzia Oktoba.

Jumla 445,000, bila wifi ambaye bado hajaanza kupokea. Asilimia 30 yake ni 133,500. Kodi mpya ya 180,000 ingekula zaidi ya asilimia 40. Ndipo nilipoacha kujiuliza kama tunajibana vya kutosha. Kile kiwango kinatuzidi, basi.

Tukapiga muhuri wa mtaa kwenye barua ya utambulisho ya mimi na mume wangu, tukaambatanisha na hesabu kwa ajili ya maombi ya Shirika.

Gharama: fotokopi na kuchapa 3,000, bajaji 2,000.

Ijumaa, 8 Novemba. Herufi moja

Cheki namba ya wifi imetoka, amepokea mshahara wa kwanza. Mama mkwe alilia, sisi sote tulikula wali kwa kuku siku ile.

Lakini fomu yake ya TBA imerudishwa. Kwenye vyeti vya shule na barua ya ajira jina lake linaishia na "u", kwenye kitambulisho cha NIDA halina. Nilidhani ni jambo dogo la kueleza kwa mdomo. Si dogo. Kila ofisi itasoma majina mawili kama watu wawili, na haitakuambia yote siku ya kwanza. Utagundua ukiwa umeshapanga foleni mara tatu.

Tulikwenda kwa wakili, wifi akaapa mbele yake kwamba majina yote mawili ni ya kwake yeye wifi. Tukatoa nakala sita za kiapo. Ningeweza kushauri jambo moja kwa anayeanza leo, lingekuwa hili: weka vitambulisho na vyeti vya kila mtu mzima sakafuni, usome majina herufi kwa herufi kabla hujatoka nyumbani. Sisi tulipoteza wiki tano.

Gharama: kiapo 20,000, nakala 1,000, bajaji 4,000.

Jumanne, 3 Desemba. Barua iliyozeeka

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 27 Novemba, na mwenyekiti wetu amebadilika. Barua yetu ya Oktoba ilikuwa na sahihi ya mwenyekiti aliyepita. Ofisi mojawapo ikaikataa, ikataka mpya.

Kilichotuokoa ni mtendaji wa mtaa. Yeye ni mwajiriwa, haondoki na uchaguzi, na kumbukumbu zetu anazo. Alituandikia upya siku ileile. Mwaka wa uchaguzi, pitia kwake.

Gharama: bajaji 2,000, kuchapa 1,000.

Jumamosi, 14 Desemba. Mlango ambao hatukuubisha

Miezi minne tumezunguka mjini, na nyumba imetokea kazini kwa wifi.

Zahanati anayofanyia kazi iko nje kidogo ya mji, upande wa Naliendele. Pale pana nyumba ya watumishi, ya halmashauri, na muuguzi aliyekuwa akiishi amehamishwa. Mganga mfawidhi alimuuliza wifi kama ana pa kuishi karibu, kwa sababu wajawazito wanakuja usiku na mtumishi anapokaa mbali inakuwa taabu. Wifi alikuwa amenyamaza tangu Julai kwa kudhani nyumba zile ni za wakubwa. Hakuuliza. Mimi pia sikumwambia aulize. Nilikuwa nimemwandikia TBA kwenye mstari wake, mwajiri wake mwenyewe nikamruka.

Kwa hiyo nimeongeza safu kwenye karatasi yangu: kwa kila mtu mzima, mwajiri ana nyumba? Swali hili linamhusu mwalimu, muuguzi, askari, mtu wa utafiti, hata mlinzi wa shule.

Nyumba ina vyumba viwili. Nilipouliza kama sote sita tunaweza kuhamia, jibu lilikuwa la wazi: ni ya mtumishi na wanaomtegemea, si ya kupangisha wala kugawana. Jioni tulikaa kikao. Mume wangu hakupenda. Alisema familia haigawanywi na karatasi za ofisi, na mama yake hajawahi kulala nyumba ambayo yeye hayumo tangu baba yao afariki. Nilimwelewa, na sikumjibu haraka. Aliyemaliza ni Mama mwenyewe: "Naenda kwa binti yangu. Kule kuna pa kulima kisamvu. Nyie leteni watoto Jumamosi."

Jumapili, 5 Januari 2025. Hesabu mpya

Wifi na Mama wamehama 29 Desemba kwa kirikuu, 25,000, alilipa wifi.

Tumebaki wanne, na kipato cha kaya hii mpya ni changu na cha mume wangu, 370,000. Asilimia 30 ni 111,000. Kwa mara ya kwanza tunatafuta vyumba viwili badala ya vitatu, na kwa vyumba viwili Mtwara hii kuna nyumba. Tumepata Magomeni kwa 85,000, umeme tuna luku yetu, maji tunachangia na jirani.

Mwenye nyumba mpya alitaka mwaka. Tulimwonyesha ile hesabu ya miezi 12, taarifa ya miamala na barua ya mtaa, makaratasi tuliyoyatengeneza kwa ajili ya Shirika. Aliyasoma yote, akasema hajawahi kuletewa na mpangaji vitu hivyo. Akakubali miezi sita: 510,000. Na tumeandikiana mkataba, pande zote mbili zimesaini mbele ya mtendaji, una tarehe ya mwisho na kifungu cha taarifa ya miezi mitatu kabla ya kupandisha kodi. Kifungu hicho tulikiomba sisi.

Maombi ya Shirika tumeyaacha yaendelee, kwa ajili ya mbele. La wifi la TBA ameliondoa ili asishike nafasi ya mwingine.

Gharama zote za kutafuta, mbali na kodi na kuhama: bando 4,000, utapeli 30,000, bajaji 19,000 pamoja na safari mbili za mwisho za 1,000 kila moja, picha 5,000, fotokopi na kuchapa 6,500, kiapo 20,000. Jumla 84,500. Siku za kazi nilizofunga cherehani ni tisa.

Jumamosi, 18 Januari. Nyongeza fupi

Jirani wa zamani, mjane mwenye watoto watatu, amekuja na barua ya kupandishiwa kodi kama yetu. Tumeanza kwa kuweka vyeti sakafuni. Jina la kwenye NIDA na la kwenye kadi ya benki linatofautiana herufi mbili. Jumatatu tunakwenda kwa wakili, kabla ya ofisi yoyote.